Kaptura Mbele ya Mama Mkwe

Mume wangu ni Mkuria na mimi ni Mjaluo. Katika chumba chetu cha kupanga pale Migori tulipendana, tukagombana na tukapatana kwa Kiswahili, maana lugha nyingine ya pamoja hatukuwa nayo. Nikikasirika sana nilihamia Kijaluo, naye alihamia Kikuria, kila mmoja akamtukana mwenzake kwa raha zake na hakuna aliyeumia. Nawashauri wote waliooana wajaribu.

Ingawa mimi, kusema kweli, sikuolewa. Nilitoroka. Nilibeba mfuko wangu wa nguo nikamfuata fundi baiskeli, na hakuna hata ng'ombe mmoja wa mahari aliyefika kwa mama yangu, kule upande wa Oyugis. Ng'ombe wa baba mkwe walichukuliwa wote na wezi kwa mpigo mmoja, zizi likabaki na samadi, na hakuna fundi anayenunua ng'ombe kwa kuziba pancha. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lote lilikuwa kwa mama.

Mama hakumkataa. Mama ni Msabato wa kweli, hasemi mtu vibaya. Alichofanya ni kumnyima jina. Dada zangu wameolewa, na waume zao mama aliwaita vizuri kabisa, "mkwe wangu wa Kendu" na "mkwe wangu wa Kisumu". Wangu alikuwa "huyo mtu".

"Huyo mtu hajambo?" angeniuliza nikienda kumwona.

"Hajambo, mama."

"Bado anakimbia?"

"Bado."

"Nani anamfukuza?"

Ni kweli alikimbia. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake alikwenda mbio mpaka karibu na mpaka wa Tanzania akarudi, halafu akaketi kushika spana kana kwamba hakuna lililotokea. Watu wengine hunywa pombe. Nilijiambia hivyo, nikashukuru Mungu. Lakini kila nikirudi kutoka kwa mama, lile neno "huyo mtu" lilinichoma njia nzima. Nilitaka siku moja tu nimsikie mama akisema "mkwe wangu wa Kuria". Sikutaka kingine.

Basi, miaka ile vyama vingi vilikuwa vimeingia, na kila mwenye malori mawili alitaka kuwa mheshimiwa. Mmoja wao alitangaza mbio za kutoka Kehancha mpaka Homa Bay. Watu wakimbie mchana, walale shuleni, kesho waendelee, na saa za kila siku zijumlishwe. Kwa nini? Hakuna aliyeuliza. Tulichosikia ni zawadi: mitamba watatu wa gredi, wale ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kwa watakaomaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Mume wangu alisoma tangazo lile kwenye nguzo ya stima, akalirudia, akaja nyumbani.

"Mtamba mmoja tu," aliniambia. "Nitamswaga mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwa mama yako."

"Ukishinda."

"Nikiwa wa tatu inatosha. Mama yako hataulizia namba."

Kila mkimbiaji alitakiwa kuja na mtu wa kumhudumia. Nani mwingine? Alinitengenezea baiskeli kutoka kwa vipande vya baiskeli zilizokufa, baiskeli ya kiume, nzito, yenye bomba katikati. Nilifunga dumu la uji wa wimbi uliochacha, chumvi, glukosi, mafuta ya kujipaka, sindano na nyembe. Suruali yake ndefu na shati la kanisani nilizipiga pasi, nikazifunga kwenye gazeti, ili tukifika Oyugis aonekane mtoto wa watu.

Tulianzia Kehancha, kwao. Mwanamke mwenye gauni juu ya baiskeli ya kiume hawakuwa wamemwona, na walinitazama vya kutosha. Lakini kituko kilikuwa cha mume wangu. Kule Kuria mtu mzima hakimbii bure. Mtu mzima akikimbia, ng'ombe wameibwa. Katika kijiji kimoja wanaume walimwona akipita mbio, jasho linamtoka, wakatupa majembe, wakachukua pinde na marungu, wakamfuata. Walikimbia naye mpaka kilima cha pili wakimuuliza wezi wameelekea wapi. Alipowaeleza kwamba hakuna wezi, ni mashindano, mzee mmoja alitaka kumchapa.

"Umenikimbiza kwa mchezo?" mzee alifoka. "Mimi, na goti hili?"

Nilimpa uji, akatulia.

Kwingine kote tuliimbiwa "haraka haraka haina baraka", mpaka nikaichukia methali hiyo, na hata leo ukiniambia sikujibu. Vijana wa boda boda walimwambia mume wangu apande, wangempunguzia bei. Siku ya Awendo malori ya miwa yalitumwagia vumbi na miwa, naye akawa anaokota kipande na kutafuna huku anakimbia. Nilimfokea aache, akasema mbona uji wangu umechacha kuliko kawaida. Nikamwambia ajipikie.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye mbio kweli, na mke wake alimfuata kwa pikapu, ana chupa ya chai na kiti cha kukunja. Kila nilipofika nimekatika pumzi, yeye alikuwa ameketi kwenye kile kiti akijipepea.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Baiskeli ni mazoezi mazuri."

"Na kukaa je?" nilimuuliza.

Hakunikaribisha chai, na mimi sikutaka.

Jioni ndiyo kazi yangu ilianza hasa. Nilimtia mume wangu miguu kwenye karai la maji ya chumvi, nikampasua malengelenge kwa sindano, naye mtu mzima yule akapiga kelele mpaka waliolala darasa la pili wakauliza kama kuna mtu anajifungua. Nilimwambia anyamaze, nikampulizia vidonda, nikamwambia tena anyamaze. Nilimwonea huruma sana, ila sikutaka ajue, angedeka. Tulipofika Rongo alikuwa wa pili kwa jumla. Mtamba nilikuwa nimeshamwona kwa macho yangu, mweusi na mweupe, akiingia kwenye lango la mama.

Ni hapo Rongo aliponiuliza, miguu ikiwa ndani ya karai:

"Barabara ya kesho inapita kwenu?"

"Inapita karibu na lango kabisa."

Aliitoa miguu kwenye maji. Kisha akasema, "Nitavaa suruali ndefu."

Niseme kidogo juu ya jambo hili. Mjaluo na Mkuria wanabishana kuhusu mambo mengi, lakini katika mambo ya ukwe hawahitaji mkalimani. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Sasa kama uso wenyewe ni mwiko, fikiria mapaja. Na ile kaptura yake ya mbio, jamani, ilikuwa kitambaa cha leso ya mkononi.

"Suruali ya terilini kwenye jua lile?" nilisema. "Utaiva kama muhogo. Kesho ni Sabato. Mama yuko kanisani tangu asubuhi mpaka jua lizame. Tena mwezi huu ni wa makambi, ile mikutano ya kanisa ya mahemani, wako kwenye uwanja wa shule, kule ng'ambo ya mto. Hata nyumba ikiungua kesho mama hatoki."

"Una hakika?"

"Mimi nimezaliwa pale, au wewe?"

Basi suruali tukaituma mbele kwa lori lililobeba mizigo ya wakimbiaji. Maji tukayavulia nguo.

Jambo ambalo sikulijua, na nani angeniambia nami niko Migori, ni kwamba mheshimiwa wetu mtarajiwa alikuwa ameomba shule ileile ya ng'ambo ya mto, wakimbiaji walale. Mwalimu mkuu akakubali. Kanisa, baada ya kunung'unika kidogo, likahamisha makambi yake. Likayapeleka kwenye uwanja ulio kando ya barabara.

Asubuhi ile mume wangu alikimbia kama mtu mwingine. Alimpita mwalimu kwenye daraja, akawapita wote, akawa mbele peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ninasukuma baiskeli kwenye mlima, nimefurahi, ninaimba. Halafu nikasikia watu wengine wanaimba pia. Nikasimama. Wimbo ulikuwa wa kanisani kwetu, lakini ulitoka upande usio wake.

Nilipofika juu, yawa! Mahema meupe, mabenchi yamepangwa mpaka ukingoni mwa barabara, kanisa zima limekaa linatazama njia. Na kwenye benchi la mbele kabisa, mwavuli wa zambarau. Mwavuli ule ninaujua. Ni wa mama.

Mume wangu hakuwepo barabarani.

Nilitazama mbele, hayupo. Nilitazama nyuma, namwona mwalimu anapanda mlima, mkewe nyuma yake kwenye pikapu. Kisha nikaona shamba la mahindi makavu, chini kidogo ya mahema, linatikisika mahali pamoja na hakuna upepo.

Niliitupa baiskeli nikaingia. Alikuwa amechuchumaa kati ya mistari, amejikumbatia magoti, ndevu za mahindi zimemjaa kichwani.

"Nimemwona," alisema.

"Amekuona?"

"Sijui. Niliona mwavuli ulionionyesha siku ile sokoni. Nikajua."

"Toka!"

"Sitoki."

"Mwalimu anapita! Mtamba anapita!"

"Mtamba wa nani?" aliniuliza, tena kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. "Si wa mama yako? Nimwonyeshe mapaja leo, kisha nimpelekee ng'ombe? Hata ng'ombe mwenyewe ataona haya kuingia."

"Zunguka nyuma."

"Ukiacha barabara umetolewa. Walisema."

"Na hapa uko barabarani?"

"Hapa nimepumzika."

Nilifungua leso yangu kiunoni nikamtupia. Aliishika kwa vidole viwili.

"Nipite mbele ya mama mkwe nimejifunga leso ya mke wangu? Bora mapaja."

Basi nikahamia Kijaluo. Nilimwambia yote, kuhusu yeye, kuhusu kaptura yake, kuhusu siku nilipobeba ule mfuko wa nguo. Yeye akahamia Kikuria. Mahindi yalitikisika. Wakati tunasemezana hivyo tulisikia viatu vya mwalimu vikipita, kisha pikapu, kisha viatu vya mwingine. Machozi yalinitoka, ya hasira kwanza, kisha ya uchungu. Siku zote zile za vumbi na malengelenge, na sasa tumeketi kwenye mahindi ya watu, na mama yangu yuko hatua chache akiimba sauti ya pili.

Nilifuta uso, nikatoka, nikaenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele. Miguu yangu ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mnyororo. Wimbo ulikuwa umekwisha na mhubiri alikuwa ameanza mahubiri, akanitazama, akaendelea kwa shida. Nikachutama kando ya mama.

"Jifunge leso kwanza," mama alininong'oneza bila kugeuka.

"Mama, yuko kwenye mahindi."

"Nani?"

"Huyo mtu."

"Anatafuta nini kwenye mahindi ya jirani siku ya Sabato?"

"Anajificha. Alikuwa wa kwanza, mama, amewaacha wote. Ameona mwavuli wako akaingia humo. Amevaa kaptura."

"Anamkimbia nani?"

"Wewe."

Mama aliendelea kumtazama mhubiri. Nilidhani hakunisikia, nikarudia.

"Nimesikia," alisema. "Na mtamba je?"

Nilishtuka. Kumbe habari za mtamba zilikuwa zimemfikia siku nyingi.

"Anasema bora amkose."

Mama aliyatazama mahindi kwa muda mrefu. Kisha akafunga mwavuli wake, akasimama. Mama yangu, ambaye hajawahi kusimama kanisani bila kuitwa! Mhubiri akakata neno.

"Mchungaji, nisamehe," mama alisema. "Nina ombi la maombi. Mkwe wangu wa Kuria yuko safarini, amekwama hapa karibu. Naomba tumwombee apite. Nitaomba mimi mwenyewe. Kila mtu asimame, na kila mtu afumbe macho. Kila mtu. Wazee pia."

Mkwe wangu wa Kuria. Mbele ya kanisa zima, kwa sauti ile anayoitia watu shambani. Nilishikilia benchi. Nilikuwa nimengoja neno lile kwa muda mrefu hivi kwamba lilipofika nilisahau kabisa nilichokuja kufanya, nikabaki nimeinamisha kichwa na kufumba macho kama wengine.

Mama alianza kwa Adamu. Akaja kwa Nuhu. Alipofika kwa wana wa Israeli kandokando ya bahari akapaza sauti, akarudia, "Wakapita, Bwana, wakapita *sasa hivi*," na kiatu chake kikanipiga kwenye kifundo cha mguu. Nikazinduka. Nikakimbia mpaka kwenye mahindi.

"Pita! Wamefumba macho!"

"Wote?"

"Wote! Pita!"

Alitoka. Na badala ya kukimbia kama mtu, alipita mbele ya kanisa lile kwa ncha za vidole, ameinama, mkono mmoja unavuta kaptura chini mbele na mwingine unaivuta nyuma. Mbwa wa jirani akatoka akamfuata, naye kwa adabu hakubweka. Mzee mmoja alifungua jicho, mke wake akamkanyaga. Na sauti ya mama ikawa inapanda: "Umpitishe salama, Bwana. Umpitishe upesi. Upesi, Bwana, upesi zaidi!" Alipopinda kona tu, mama akasema amina, akaketi, akafungua mwavuli.

Oyugis alifika wa tano. Siku iliyofuata alikimbia kwenda Homa Bay kana kwamba wale wazee wa Kehancha walikuwa nyuma yake na pinde. Alimpita mmoja kwenye mteremko, pale ziwa linapoanza kuonekana. Kwa jumla akamaliza wa nne.

Wa nne alipewa jembe jipya na fulana yenye picha ya mheshimiwa. Mwalimu alikuwa wa tatu. Mtamba wake walimpandisha kwenye pikapu, na nilimwona kwa macho yangu akikinyea kile kiti cha kukunja. Mungu anisamehe, nilicheka.

Mume wangu hakucheka. Aliketi kwenye mawe karibu na maji, jembe mapajani.

"Nimepoteza ng'ombe wa mama yako," alisema.

Nilitaka kumwambia mama alimwitaje, lakini neno lile nikaliweka akiba. Nikamwambia tu avae suruali, tunapitia nyumbani.

Tulipofika kwetu alibaki ng'ambo ya barabara, suruali imenyooka, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, uso ameuelekeza kwenye ua wa mtu mwingine. Mama alikuja mpaka langoni, naye akageukia upande wake, kama inavyotakiwa. Mimi nikasimama katikati kama karani wa mahakama. Mama alisema Kijaluo, maana Kiswahili alikiweka kwa ajili ya wauza samaki.

"Mkwe wangu ameshika nini?"

"Jembe, mama. Mtamba alimkosa. Anaona haya kuja mikono mitupu."

"Lilete."

Nilimletea. Alilipima uzito, akagonga bamba lake kwa kucha, akaridhika.

"Ng'ombe watakuja," alisema. "Mimi siwali leo. Huyo angekuwa mpita njia angepita tu na kaptura yake. Aliyejificha ni mkwe." Kisha akageuka aende zake, akasimama. "Ila umpikie. Miguu ile imekonda kama ya korongo, na paja la kushoto lina kovu baya. Alichomwa na nini?"

"Na bomba la moshi la piki... Mama! Si ulikuwa umefumba macho?"

"Nilikuwa ninaomba," alisema mama. "Ukimwombea mtu apite, si utazame kama amepita?"

Akaingia ndani na jembe lake.

Mume wangu alingoja mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akavuka barabara. Alikuwa ametoa jasho kuliko siku ya Awendo.

"Amesema nini?" aliniuliza.

Nilimtazama, na shati lake lile, na kifungo kile cha shingoni.

"Amesema mkwe wake wa Kuria ale vizuri."

Hapo akacheka, akachukua baiskeli kutoka mikononi mwangu, akanipandisha nyuma. Habari ya lile kovu sijamwambia mpaka leo. Angehamia Tanzania.